Kusema Hapana na Kuipokea: Mwongozo wa Kuwafundisha Vijana Uhusiano Mwema na Mipaka Binafsi

Watu wazima wengi wanapozungumza na vijana kuhusu mahusiano hufundisha nusu ya somo. Msichana huambiwa ajitunze, awe na msimamo na asikubali kila anachoombwa. Mvulana huambiwa awe na heshima, basi. Ni nadra kumkuta mtu mzima aliyeketi na kijana, wa kike au wa kiume, akamfundisha afanye nini pale anapokataliwa yeye: aseme nini, uchungu wake aupeleke wapi, na amwacheje mwenzake aende zake kwa amani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wazazi, walezi na viongozi wa vikundi vya vijana. Msimamo wake ni kwamba nusu hiyo iliyosahauliwa ndiyo nzito zaidi, kwa sababu mtu anayejua kukataa bado yumo hatarini ikiwa aliye mbele yake hajui kukataliwa.

Jambo hili halisubiri vijana wakue. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, takriban mmoja kati ya wanne amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na huyo huyo mwenzake. Mwongozo wa kimataifa wa elimu ya jinsia uliotolewa na UNESCO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, ulioboreshwa mwaka 2018, unaweka somo la ridhaa, faragha na usalama wa mwili tangu kundi la watoto wa miaka 5 hadi 8, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Hatua zinazofuata hapa zimewalenga zaidi walio kati ya miaka 12 na 18, ingawa nyingi zinaweza kurahisishwa kwa walio wadogo.

Hatua ya 1: Jikague wewe kwanza

Kijana husoma mwenendo wako kabla ya kusikiliza maneno yako. Ukimfundisha kwamba mwili wake ni wake, kisha ukamlazimisha kumkumbatia mgeni kwa kuwa akikataa utaona aibu, atashika lile la pili. Ukimwambia faragha ni haki yake, kisha ukaingia chumbani mwake bila kubisha hodi na kupekua simu yake akiwa anaoga, atajifunza kwamba mipaka ni ya wenye nguvu tu. Kabla ya kikao cha kwanza, jiulize maswali machache bila kujidanganya: Je, kijana huyu amewahi kuniambia hapana katika jambo lisilo na hatari, nami nikalikubali? Nikimkosea, huwa namwomba radhi? Nikikasirika, huwa nanuna mpaka anibembeleze? Majibu yatakuonyesha pa kuanzia.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hana faragha mbele ya mzazi wake. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema vinginevyo: kifungu cha 16 kinakataza faragha ya mtoto kuingiliwa kiholela, na kifungu cha 19 kinazitaka serikali zimlinde dhidi ya kila aina ya ukatili. Vifungu hivyo viwili havipingani. Mzazi ana wajibu wa kufuatilia usalama wa mwanawe, lakini ufuatiliaji wenye heshima ni ule ambao kijana ameelezwa sababu yake na kikomo chake, na ambao hupungua kadiri anavyokomaa.

Maandalizi mengine ni ya karatasi, nayo hayachukui muda. Jua sheria ya nchi yako inasema nini kuhusu umri wa kuridhia tendo la ndoa, na kama wewe, kwa nafasi yako, unalazimika kutoa taarifa unapoambiwa habari za ukatili. Andika majina na namba za simu za mshauri nasaha, ofisi ya ustawi wa jamii, kituo cha afya na dawati la polisi linaloshughulikia watoto, kama lipo. Usisubiri kijana akufungukie jambo zito ndipo uanze kuulizia namba huku na kule, kwa maana mahangaiko yako yatamwongezea hofu. Kama wewe si mzazi, wape wazazi taarifa mapema ya nini kitafundishwa na kwa nini.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali pa kuzungumzia

Kaeni kwa duara ikiwezekana, na mkubaliane juu ya kanuni chache kabla ya lolote. Ya kwanza, hakuna anayelazimishwa kusema. Aliyefikiwa na zamu yake na hataki, aseme tu "endelea na mwingine", wala asiulizwe sababu. Kanuni hii peke yake tayari ni somo la mipaka. Ya pili, mifano itolewe bila kumtaja mtu aliye kundini au anayejulikana na kundi. Ya tatu, hakuna kucheka swali la mwenzako.

Kuhusu siri, sema ukweli wote tangu mwanzo. Waambie kwamba yatakayosemwa hapo hutayatangaza, isipokuwa ukisikia kwamba mtu fulani anaumizwa, yuko karibu kuumizwa au anafikiria kujidhuru, na kwamba hapo utamshirikisha mtu anayeweza kusaidia, baada ya kumjulisha mhusika. Mlezi anayeahidi siri bila masharti hujikuta akivunja ahadi wakati ule hasa ambapo kijana anamhitaji mtu wa kumwamini.

Wape pia njia ya kuuliza bila kujitokeza. Kila mmoja apewe karatasi inayofanana na ya wenzake, aandike swali, na asiye na swali aandike sentensi yoyote, ili wote waonekane wakiandika na wote wakunje. Soma maswali nyumbani, upange majibu, uyajibu katika kikao kinachofuata.

Swali la kuwatenganisha wasichana na wavulana huwasumbua walimu wengi. Maoni yangu ni kwamba maswali ya mwili na ya aibu yanaweza kujibiwa kwa makundi tofauti, lakini mazoezi ya mazungumzo yafanywe kwa pamoja pale ambapo desturi za mahali zinaruhusu, na maudhui yawe yale yale kwa wote. Wavulana nao huumizwa, hulazimishwa na hudhibitiwa, na wengi hunyamaza kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba nao wanaweza kukataa.

Hatua ya 3: Anzia kwenye urafiki

Usianze na mapenzi. Ukianza nayo, nusu ya kundi itacheka na nusu nyingine itajifanya haihusiki. Anza na urafiki, kwa kuwa kila kijana ana rafiki, na kwa kuwa tabia za mtu katika mapenzi huonekana kwanza katika urafiki wake. Uliza: Rafiki akiazima kitu chako na kukirudisha kimeharibika, unamwambiaje? Akitoa siri yako? Akikutania kwa jambo linalokuuma na kusema "si utani tu"? Akikupiga picha umelala na kuisambaza kwenye kundi la wenzenu?

Kutokana na majibu yao, eleza mipaka ni nini: ni kujua, na kuwajulisha wengine, kipi unakikubali na kipi hukikubali kuhusu mwili wako, hisia zako, muda wako, vitu vyako na mawasiliano yako. Kisha tumia muda mrefu kwenye jambo moja ambalo vijana hulichanganya sana siku hizi, nalo ni tofauti ya mpaka na amri. Anayesema "Sipendi kufokewa, ukinifokea nitakata simu, tutazungumza ukitulia" ameweka mpaka, kwa sababu anaeleza atakachofanya yeye kujilinda. Anayesema "Sitaki uzungumze na mvulana mwingine yeyote, huo ndio mpaka wangu" ametoa amri juu ya maisha ya mtu mwingine, hata kama ametumia neno zuri. Waandikie sentensi kumi za namna hii, waziweke katika mafungu mawili, kisha wabishane. Chagua baadhi ziwe ngumu kweli. "Sitaki uendelee kuwasiliana na mpenzi wako wa zamani" ni mpaka au ni amri? Wacha wajadiliane. Utakuta kwamba jibu linategemea kitakachotokea mwenzake akikataa: mwenye mpaka anaweza kuuacha uhusiano huo kwa amani, ilhali mwenye amri hutisha, huadhibu au hulipiza.

Hatua ya 4: Eleza ridhaa kwa ukamilifu wake

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, kwa kujua unachokubali, ukiwa na uhuru wa kukataa bila kuadhibiwa. Kila sehemu ya sentensi hiyo ifafanuliwe. Aliyekubali baada ya kuombwa mara kumi na kununiwa siku nzima hakukubali kwa hiari. Aliyelewa, aliyelala au aliyepoteza fahamu hawezi kuridhia. Kukubali jambo moja si kukubali jingine, na kukubali jana hakumfungi mtu leo. Hata katikati ya jambo anaweza kubadili nia, na mwenzake anapaswa kuacha pale pale. Zawadi, nauli au chakula alichonunuliwa mtu hakigeuki kuwa deni la mwili wake.

Ongeza mambo mawili ambayo huachwa mara nyingi. La kwanza ni kwamba kimya si ridhaa. Mwili wa mtu aliyeogopa sana unaweza kuganda, akashindwa kusogea wala kutoa sauti, na baadaye akajilaumu kwa miaka kwamba hakupiga kelele. Kijana anayelijua hili mapema hatajilaumu, wala hatamuuliza mwenzake aliyeumizwa "kwa nini hukukataa?" La pili ni tofauti ya madaraka. Mtu mwenye uwezo wa kumfelisha kijana, kumnyima nafasi kwenye timu, kumfukuza kazi au kumnyima mahitaji hawezi kudai kwamba kijana huyo aliridhia kwa uhuru. Waambie wazi pia kwamba sheria inaweka umri ambao chini yake kukubali kwa mtoto hakuhesabiwi, na utaje umri huo kwa mujibu wa sheria ya nchi yenu.

Hatua ya 5: Wafanyishe mazoezi ya kukataa

Kijana anaweza kujua yote yaliyotangulia na bado akakwama siku ya siku, kwa sababu maneno hayajawahi kutoka kinywani mwake. Hapa ndipo maigizo mafupi yanapohitajika. Wapange wawili wawili, uwape hali ndogo, mmoja ashinikize na mwingine akatae, kisha wabadilishane. Huu hapa mfano mmoja:

"Nipe simu yako nione unachati na nani."
"Simu yangu sitoi."
"Kwani unaficha nini?"
"Sifichi kitu. Simu yangu sitoi."
"Ungekuwa unanipenda ungenipa."
"Nakupenda, na simu sitoi. Ukiendelea na hili, mimi nakwenda nyumbani."

Waonyeshe kinachofanyika hapo. Anayekataa harefushi maelezo, kwa kuwa kila sababu anayoitoa inakuwa hoja mpya ya kubishaniwa. Akisema simu haina chaji, ataletewa chaja. Anarudia sentensi ile ile kwa sauti ile ile, bila matusi na bila kuomba msamaha, na mwishowe anataja atakachofanya. Wakumbushe kwamba akishakitaja akitekeleze kweli, la sivyo kesho hatasadikiwa. Angalia pia miili yao: wapo wanaosema hapana huku wakitabasamu na kutazama chini, si kwa sababu hawana msimamo, bali kwa sababu wamelelewa kuona kukataa ni utovu wa adabu. Hao wafanye zoezi tena, polepole, mpaka sauti itulie.

Tahadhari moja ni ya lazima. Usifundishe kana kwamba usalama unategemea ustadi wa kukataa. Kuna nyakati ambapo kukataa waziwazi kunaongeza hatari, na mtu hulazimika kutafuta kisingizio, kumpigia simu mtu wa nyumbani au kukimbia. Mkubaliane na kijana wako neno la siri ambalo akilituma kwa ujumbe utamfuata alipo bila kumhoji wala kumgombeza usiku huo.

Hatua ya 6: Wafanyishe mazoezi ya kukataliwa

Hatua hii isifupishwe hata kama muda umebana. Ni afadhali upunguze nyingine. Rudi kwenye wawili wawili, lakini safari hii macho ya kundi yawe kwa yule anayeomba. Aanze na ombi dogo, kama kuazima daftari au kukaa karibu. Mwenzake akatae kwa ufupi. Mwombaji anatakiwa aseme "Sawa, nimekuelewa," kisha abadilishe mazungumzo au aondoke. Haruhusiwi kuuliza kwa nini, kucheka kwa dharau, kubembeleza, kutoa hoja, kununa wala kusema "hata hivyo sikuwa nataka." Zoezi linaonekana la kitoto mpaka walifanye. Wengi watajikuta wameuliza "kwa nini?" kabla hawajajua, na utawaona wengine mabega yakishuka na taya zikikaza kwa ombi la daftari tu, ambalo hata si la kweli.

Kisha pandisha uzito. "Nimekupenda, ningependa tuwe pamoja." "Nakuheshimu, lakini hapana, nakuona kama rafiki." Aliyekataliwa ajibu, "Sawa, ahsante kwa kuniambia ukweli." Acha kimya kidogo kabla ya kuendelea, kwa kuwa hapo pana uchungu wa kweli na vijana wanastahili kuambiwa kwamba uchungu huo si aibu. Kukataliwa kunauma, na mtu anaweza kukosa usingizi na hamu ya kula kwa siku kadhaa. Kinachofundishwa ni mahali pa kuupeleka uchungu huo: kwa rafiki mwenye busara, kwa ndugu, kwenye mazoezi ya mwili, kwenye daftari la faragha, si kwa aliyekataa, si kwenye mitandao ya kijamii, na si kwa ujumbe mrefu wa saa saba usiku. Simu aikabidhi kwa mtu mwingine usiku huo ikibidi.

Sasa mlete mtu wa tatu katika igizo, yaani rafiki anayesubiri nje. Aliyekataliwa anatoka, na rafiki anauliza, "Amekujibuje?" Waache waigize wanavyojua. Mara nyingi rafiki atasema, "Usikate tamaa, wote hukataa mwanzoni," au "Amekudharau, huwezi kumwacha hivihivi." Simamisha igizo papo hapo. Hadithi na nyimbo nyingi humsifu anayeng'ang'ania mpaka akubaliwe, na madhara mengi huanzia kwenye maneno ya marafiki kama hao, ambao humgeuza mtu aliyekuwa tayari kukubali jibu akawa mtu wa kulipiza. Wafundishe maneno mengine ya kusema, mafupi tu: "Pole sana. Twende zetu." Rafiki anayesema hivyo anawalinda watu wawili kwa mara moja, na wavulana hasa wanahitaji kusikia kwamba kazi hiyo ni yao.

Hatua ya 7: Wafundishe kutambua udhibiti unavyoanza

Mwaka 1984, katika mji wa Duluth nchini Marekani, wanaharakati waliowasikiliza wanawake waliokuwa wakipigwa na waume au wapenzi wao walichora gurudumu linaloonyesha kwamba kipigo hakisimami peke yake. Kitovu chake ni tamaa ya mamlaka na udhibiti, na mbinu zake ni pamoja na vitisho, kumtenga mtu na wenzake, kumdhalilisha, kumdhibiti kwa fedha na kumgeuzia lawama. Kijana hahitaji kulikariri gurudumu hilo. Anahitaji kutambua kwamba udhibiti huanza ukiwa umevaa sura ya mapenzi.

Andika ubaoni ujumbe huu, mmoja baada ya mwingine, ukifunua kidogo kidogo:

"Umefika?"
"Umefika? Mbona hujibu?"
"Nakuona uko hewani na hunijibu. Unachati na nani?"
"Nitumie picha sasa hivi nione uko wapi."
"Usipojibu ndani ya dakika tano tumeachana, na usinilaumu nikijifanyia kitu."

Kila kijana aandike kwa siri ni ujumbe upi uliomfanya aanze kujisikia vibaya, kisha linganisheni. Hawatakubaliana, na majadiliano yenye faida yamo humo humo. Mmoja ataona ujumbe wa pili ni upendo, mwingine atasema umemkumbusha jambo. Sisitiza kwamba ujumbe mmoja wa wivu haumfanyi mtu kuwa mkatili. Kinachotazamwa ni mtindo unaojirudia na unaobana zaidi kila unaporudi, na hofu inayoingia ndani ya mtu hata akaanza kupanga siku yake ili asimuudhi mwenzake. Kipimo rahisi cha kumpa kijana ni kulinganisha maisha yake ya sasa na ya kabla ya uhusiano: marafiki wamebaki, masomo yanaendelea, anacheka, au amekuwa mtu wa kuchungulia simu kila dakika?

Kuhusu tishio la kujiua lililomo katika ujumbe wa mwisho, wape maelekezo ya wazi. Tishio hilo lichukuliwe kwa uzito, lakini mzigo wake usibebwe na mpenzi peke yake. Kijana amjulishe mtu mzima wa upande wa anayetishia au wa upande wake mwenyewe saa hiyo hiyo, na aelewe kwamba kubaki katika uhusiano si tiba ya mtu anayetaka kujidhuru. Anahitaji msaada wa kitaalamu.

Hatua ya 8: Mipaka ya simu na picha

Hapa maelekezo yawe ya moja kwa moja. Neno la siri la simu au akaunti si zawadi ya mapenzi. Kuonyeshana mahali mlipo kwa simu kuwe ni kwa makubaliano na kuweze kuzimwa bila ugomvi, na uhusiano ukiisha maneno ya siri yote yabadilishwe siku hiyo hiyo. Picha ya mwenzako haipandishwi mtandaoni bila kumuuliza.

Kuhusu picha za utupu, waeleze vijana kwamba aliyetumiwa picha kwa siri hakupewa ruhusa ya kuionyesha kwa mwingine, na kwamba picha ya namna hiyo ya aliye chini ya miaka 18 inaweza kumweka matatani kisheria hata anayeihifadhi au kuisambaza tu. Maonyo mengi humwelekea aliyetuma. Lawama kubwa ni ya anayesambaza, na hilo lisemwe mbele ya wote. Ikitokea picha imevuja au kijana anatishiwa kwamba itavujishwa, asilipe pesa, asitume nyingine, ahifadhi ujumbe wa vitisho pamoja na jina la akaunti, na amweleze mtu mzima. Wewe mtu mzima usiisambaze picha yenyewe kwa wengine ukidhani unakusanya ushahidi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambayo husaidia kuondoa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18 kwenye mitandao iliyojiunga na huduma hiyo. Simu yake hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na picha yenyewe haitumwi.

Hatua ya 9: Kijana akikufungukia

Masomo haya yakifundishwa vizuri, yupo atakayebaki nyuma wenzake wakiondoka. Huenda akaanza kwa "kuna rafiki yangu." Msikilize rafiki huyo. Usishtuke kwa sauti, usikatize, na usimuulize maswali yenye jibu ndani yake kama "alikugusa hapa, sivyo?" Uliza tu, "Ikawaje?" na umwache apumzike anapotaka. Mambo matatu anapaswa kuyasikia kutoka kwako: kwamba unamwamini, kwamba kosa si lake, na kwamba amefanya vema kusema. Baada ya hapo mweleze utakachofanya na nani utamwambia, na umpe nafasi ya kuchagua yale anayoweza kuchagua, kwa mfano nani amsindikize. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Ikiwa kumetokea ukatili wa kingono hivi karibuni, kituo cha afya kifikiwe haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumiwa ndani ya saa 72 na hufaa zaidi zikianza mapema.

Usimwendee mtuhumiwa mwenyewe, usiwakutanishe wapatane, na usimwambie kijana aachane na mpenzi mkatili leo hii bila mpango. Wakati wa kuondoka mara nyingi ndio wakati wa hatari kubwa zaidi. Pangeni kwanza ataambiwa nani, atapita njia gani, atalala wapi na nani atakuwa naye. Na ikiwa anayetajwa ni mtu wa familia au mtu anayeheshimiwa, kumbuka kwamba watoto wengi wanaonyanyaswa hunyanyaswa na watu wanaowafahamu, kwa hiyo heshima ya mtu isikufanye upunguze uzito wa ulichosikia.

Hatua ya 10: Kijana anapojitambua kuwa ndiye aliyekosea

Miongozo mingi haifiki hapa, ilhali mtoto huyu pia ni wako. Katikati ya zoezi la ujumbe kuna kijana atakayenyamaza kwa sababu maneno yale ameyaandika yeye. Akikujia, usimfukuze kwa hasira wala usimfariji kwa kusema ni mambo ya ujana. Mwambie ataje alichofanya bila neno "lakini", kisha aeleze mwenzake alipata hofu gani. Atakuwa mwepesi wa kutaka kwenda kuomba msamaha papo hapo. Mzuie kwanza, kwa maana msamaha unaodai kujibiwa ni shinikizo jingine. Kama mwenzake amesema asimtafute, basi asimtafute, hata kwa barua, hata kupitia rafiki. Kama mawasiliano bado yapo kwa hiari ya mwenzake, ujumbe mfupi wa kukiri kosa unatosha, usiotaka jibu.

Mpange naye kazi ya wiki zinazofuata: kuacha kumfuatilia mwenzake kwa simu, kutambua dalili za mwilini zinazotangulia hasira yake, na kumchagua rafiki mmoja atakayemwambia ukweli. Mkutanishe na mshauri nasaha, hasa ikiwa naye amekulia katika nyumba yenye kipigo. Na ikiwa alichofanya kinaangukia kwenye jinai, taarifa itolewe kama ambavyo ungeitoa kwa kijana mwingine yeyote, naye aambiwe na wewe mwenyewe kabla haijatoka, isipokuwa pale ambapo kumjulisha mapema kunaweza kumhatarisha aliyeumizwa; kisha uende naye anakotakiwa kwenda.